Kisima Kilichopimwa Kimeshiba

Kwa Rukia, mvunja kabati la mama yake.

Salamu sizirudii. Asubuhi umenishika mkono ukanipa shikamoo, nami nikakuitikia marahaba kwa sauti ya mtu mwenye afya, na tangu hapo sijafa. Sasa ni baada ya alasiri. Umekwenda kuwaaga shangazi zako wa Malindi hapa mjini, na ninavyowajua wale, kila mmoja atakulazimisha ule, kisha atalia, kisha atakulazimisha ule tena. Kwa hiyo nna muda. Nimekaa juu ya sanduku lako maana halifungi, na nikaona madhali nimeshakaa, niandike.

Mambo ya sweta, ya nyama za huko Ulaya, ya kufunga mlango na ya vijana wanaopiga gitaa, mama yako ameshakwambia. Tena amenambia na mimi nikwambie, nami nimemwambia nshakwambia. Basi wewe hesabu kuwa nimekwambia, tusimtie mtu uongoni bure. Uongo wangu mimi unatosha, na ndio ulionitia kalamu mkononi. Umenikera wiki nzima, hata halua waliyokuletea majirani naiona kama sabuni ya mche.

Nianze na kabati.

Mama yako alikuwa na kabati la vioo, unalijua, lile la kuwekea vikombe vya harusi yake ambavyo hajapata kuvinywea mtu. Miezi minne iliyopita uliling'oa vioo vitatu, ukaviunga kwa lami ukafanya sanduku, na vikombe vikahamia chini ya kitanda. Mama yako alipiga kelele mpaka watu wakafungua madirisha ng'ambo ya kichochoro. Nawe umepiga magoti sakafuni, mikono myeusi kwa lami, ukamjibu bila ya kuinua kichwa: "Mama, niache kidogo. Natengeneza Unguja."

Wallahi nilicheka. Nilikuwa sijajua bado kuwa Unguja hiyo imekuja kuniumbua mimi.

Ukalijaza sanduku mchanga, na mawe ya matumbawe uliyoyaponda kwa mchi wetu wa jikoni. Tangu siku ile kisamvu cha nyumba hii kina changarawe, lakini hilo nimelisamehe. Upande mmoja ukamimina maji ya chumvi, ndiyo bahari. Kwa juu ukanyunyiza maji uliyoyatia rangi nyekundu ile wanayotilia ukili wa mikeka, ndiyo mvua. Tukakodoa macho sote, hata mama yako. Maji mekundu hayakuzama. Yalikaa juu ya yale ya chumvi, yamevimba katikati kama tumbo la mtu aliyelala chali.

"Haya ndiyo wanayokunywa watu wa mashariki," ukasema. "Hawana mto wale. Wana maji matamu yanayoelea juu ya maji ya chumvi. Wakiyavuta taratibu, mvua inawarudishia. Wakiyavuta kwa pupa, tazameni."

Ukachomeka bua la jani la mpapai mchangani, ukavuta kwa mdomo kidogo kidogo. Yakaja mekundu. Ukavuta kwa nguvu, na chini ya bua ikainuka ncha nyeupe kama mwiba, ikapanda, ikapanda, mpaka ikaingia ndani ya bua. Ukatema.

"Chumvi!" ukasema, na ukafurahi kama mtu aliyetema lulu.

Mama yako alikuuliza kama kwa hilo tu ndiyo kabati lake limekufa. Nilivaa kofia nikatoka kwenda kunywa kahawa, nikanywa vikombe vinne, na usingizi wa siku ile sikuupata. Wewe ukadhani ni kahawa.

Sasa njoo Jumatatu iliyopita. Ofisi ya maji, uliyoifanyia kazi mwaka mzima na ndiyo inayokupeleka masomoni, ilikuwa imekupa swali la mwisho kabla hujaondoka: je, ile mashine ya kuvutia maji ya Paje inaweza kuondolewa ikawekwa kubwa zaidi, ili na vijiji vya jirani vipate maji ya mifereji? Ukalijibu swali kwa sanduku lako la mchanga, kwa penseli, na kwa vitabu vyangu saba, kimoja kwa kila mwaka niliopima visima vya upande ule. Ukanijia barazani na karatasi mkononi, uso umekunjuka.

"Baba, nimegundua kosa."

Nikawahi kuuliza: "Kosa la nani?"

"Langu mimi. Mchanga ulikuwa unasema kisima cha Paje hakiwezi kubeba mashine kubwa, kitaingia chumvi mwaka wa kwanza. Vitabu vyako vinasema kinaweza, tena kitabakiza. Nimevipitia vyote saba. Ukiacha miezi ya mwanzo, ulipokuwa bado mgeni wa kamba, maji hayashuki, Baba, kila mwezi yapo palepale. Kumbe mchanga wangu nimeuponda vibaya. Nimeuponda upya, sasa unakubaliana na vitabu."

"Unakubaliana?"

"Vizuri kabisa."

"Na kama vitabu ndivyo vilivyokosea?"

Ukacheka, ukanipiga bega kama mwenzio. "Vitabu vyako? Hati ile? Hakuna hata mahali palipofutwa!"

Kisha ukanisomea karatasi yote, na chini yake jina lako, na saini yako yenye mkia mrefu. Nikakwambia, "Hongera." Neno hilo limenikaa kinywani kama mwiba wa samaki tangu siku hiyo.

Hebu nikwambie habari ya hati isiyofutwa.

Kazi ile niliipata mwaka wa sitini na nne, baada ya Mapinduzi, wakati ofisi zilikuwa na viti vingi kuliko watu wa kuvikalia. Mzee mmoja aliyekuwa akipima kabla yangu, mtu makini asiyejua mzaha, alikuwa anahama. Alinipa kamba yenye mafundo, kila fundo futi moja, na kipande cha risasi nchani. Akanipa kitabu kitupu. Akanishika ukosi wa shati, akanambia, "Haji, mara mbili kwa mwezi, siku za bamvua maji yakikupwa hasa, saa tatu kamili za asubuhi. Si saa nne, si ukishakula. Ukikosa saa, andika kuwa umekosa." Mimi nimesoma chuoni juzuu chache za Kurani, na skuli mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililikimbia. Lakini nilikuwa na hati nzuri, na kwa hati hiyo nikaitwa mtaalamu. Watoto wa huko shamba wao waliniita Mzee Kamba, na jina lao ndilo lililodumu.

Miezi ya mwanzo nilipima kwa haki. Nilipanda gari la shamba alfajiri, saa mbili na nusu niko Paje. Na hapo ndipo mambo yaliponishinda, maana saa tatu, siku za bamvua, bahari inakupwa, na bahari ikikupwa kijiji kile hakina mtu. Wanawake wote wako pwani na ndoo zao, huyu anachokoa pweza, yule anafukua makumbi yake ya nazi aliyoyafukia topeni yaoze apate kusuka kamba. Wanaume nao wamo majini. Unabaki wewe na kuku. Na kisima kile kina ua wa makuti, wanawake hukoga mle, na kwa desturi ya pale mwanamume mgeni hakikaribii mpaka mwanamke wa kijijini amtangulie, atazame kama kuna mtu. Nani anitangulie? Kuku?

Huo ndio utetezi wangu, nao ni mzuri, nimeung'arisha kwa miaka. Sasa sikia ukweli. Ukweli ni pweza.

Alikuwapo, na yupo mpaka leo, bibi mmoja anaitwa Bi Mize, nyumba yake ya tatu kutoka kisimani. Siku moja ya bamvua nilimngojea arudi pwani ili anitangulie, akarudi na pweza, akampiga, akampika kwa tui la nazi, na akasema, "Huwezi kupima kisima na wewe mwenyewe mtupu." Nikala. Nikalala kidogo kwenye baraza yake. Nilipoteremsha kamba ilikuwa saa tisa na nusu, bahari imejaa, inapiga mpaka kwenye minazi ya mbele. Nikafungua kitabu. Pameandikwa: saa. Nikaandika: tatu asubuhi.

Hapakuanguka radi. Nilifikiri pengine itaanguka radi.

Mara ya pili nilijua ninachokifanya, na nikakifanya. Kufika mwaka wa pili nilikuwa nampelekea Bi Mize mchele na nazi kutoka mjini, na kamba yangu haikupata tena kuingia kisimani ila nimeshashiba. Na kisima kile, mwanangu, kinafuata bahari. Bahari ikijaa, maji ya kisima hupanda. Ikikupwa, hushuka, na siku za bamvua hushuka hasa, mpaka ndoo inakwaruza mawe. Watu wa Paje wanalijua hilo kama unavyojua wewe njia ya chooni gizani. Bi Mize mwenyewe alinambia, kwa Kikae chake, Kiswahili cha watu wa kusini, ambacho nusu yake inanipita, lakini hili lilinifika.

"Wewe mtu wa mjini, mbona kisima chetu unakuja kukipima kimeshiba? Njoo kikiwa na njaa."

"Bi Mize, maji ni maji," nikamwambia. "Yakiwa juu leo, yapo."

"Na mume akiwa nyumbani leo, yupo?" Mumewe alikuwa na wake watatu, mmoja Jambiani. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilicheka na mimi. Nilicheka, nikaandika, nikapanda gari nikarudi mjini, na ofisini wakaisifu hati yangu.

Baada ya miaka mitatu ofisi ikavitazama vitabu vyangu, ikaona Paje kuna maji ya kutosha kumwogesha tembo, ikaweka mashine. Siku ya kuifungua palikuwa na ngoma na hotuba, na mimi nilikaa mstari wa mbele. Bwana aliyehutubia alisema kuwa haya ni matunda ya upimaji wa kisayansi, watu wakanipigia makofi. Nilisimama nikapunga mkono. Kila nikikumbuka mkono ule natamani ungekuwa wa mtu mwengine.

Mwaka wa kwanza maji yalikwenda vizuri. Mwaka wa pili, kaskazi ilipokaza, Bi Mize alinitengea chai. Nikaonja, nikaweka kikombe chini.

"Kunywa," akasema. "Sukari nimetia mimi. Chumvi umetia wewe."

Siku ile hakupika pweza. Wanawake walikuwa wameanza tena kwenda kuteka maji kwenye pango la nyuma ya kijiji, lile la bibi zao, wanateremka kwa mikono na miguu na debe kichwani, na mmoja alikuwa ameshateleza akavunjika mguu. Nilimwona, amelazwa ukumbini, mguu umefungwa vibanzi. Aliniamkia kwa adabu. Ingekuwa bora angenitukana.

Nikarudi ofisini na jibu langu mkononi. Niliwaambia: mvua. Masika yamekuwa mabovu, nikasema, anga imebadilika, chumvi imeletwa na ukame. Wakaandika. Kila mtu akaridhika, maana anga haijapata kufukuzwa kazi.

Na hapa ndipo panaponitia wazimu, Rukia, hapa hasa. Kwa sababu huenda ni kweli! Wazee wa kusini wanahesabu mwaka wao kutoka Nairuzi, siku yao ya mwaka mpya, kumi baada ya kumi la siku, na kila kumi wanalijua kwa kazi yake, hili la kulima, hili la kupanda, hili la kungojea mvua. Bi Mize ameniapia kuwa mvua haikai tena katika makumi yake. Vuli inakuja kama mgeni aliyekosea nyumba, inachungulia inakwenda zake. Masika yanaanza kwa vishindo, mtu anapanda, kisha kimya, mbegu zinaungua ardhini. Mwaka mwengine inamwagika yote kwa wiki moja inachukua na udongo. Pengine ni miaka mibaya tu, itapita. Pengine dunia inageuka kweli na watoto wako hawatayajua masika tuliyoyajua sisi. Hili ndilo unalokwenda kulisomea, si ndiyo? Kujua maji yanapungua kiasi gani, kwa nini, na watu wajipange vipi.

Sasa niulize mimi, niliyekaa na kamba miaka saba, chumvi ile kiasi gani ni ya anga na kiasi gani ni ya tumbo langu. Sijui. Hajui mtu. Vitabu ambavyo vingetwambia ndivyo nilivyovila na pweza. Mwizi wa kuku unaweza kumlipisha kuku. Mimi nimeiba kujua, na kujua kwa mwaka uliopita hakununuliwi sokoni. Ningekuwa nimeandika "leo sikupima, nilikuwa nakula", basi hata neno hilo lingekufaa kuliko kurasa zote zile safi.

Ndiyo maana hati isiyofutwa siiamini tena, ya mtu yeyote. Mpimaji wa kweli kitabu chake kina tope, kina wino uliomwagika kwa mvua, kina mahali ameandika nane akaikata akaandika sita kwa sababu alirudi kutazama. Huko uendako watakupa vitabu vya watu wenye hati nzuri zaidi ya yangu, vimepigwa kwa mashine za chapa. Sikwambii usiviamini. Nakwambia mimi nilivyokuwa: nilikuwa mtu mzuri, nasali, nampenda mama yako, sikuwahi kuchukua hata kalamu ya ofisi, na nimesema uongo mara mbili kwa mwezi kwa miaka saba kwa sababu palikuwa na kivuli na tui la nazi. Hakunishawishi shetani. Shetani alikuwa na kazi nyengine.

Na mtu aliyejua alikuwapo. Hilo linanikera kuliko yote. Alikuwa mbele yangu, na mwiko mkononi, anasema wazi. Mimi nilikuwa na kitabu na yeye hakuwa nacho, kwa hiyo maneno yake nikayafanya mzaha. Wewe una mchanga, nao ulikwambia alilosema Bi Mize, neno kwa neno, bila ya kumjua. Kisha ukauponda upya ili ukubaliane na baba yako.

Usinielewe vibaya, nimekasirika na wewe pia. Mtoto gani huyu! Kabati la mama yake analivunja bila ya kupepesa macho, kitabu cha baba yake anakiogopa kama msahafu. Ungeniuliza hata swali moja la kijinga. "Baba, saa tatu zote hizi, hukupata hata siku moja gari likakuharibikia njiani?" Gari la shamba, miaka saba, halijaharibika! Hilo peke yake lingetosha kunifunga. Lakini uliipenda hati, nami nilipenda uipende.

Haya, sasa nisikie nilichokifanya, kabla hujaanza kunihukumu hapo ulipo na barua mkononi.

Leo asubuhi, ulipokuwa unapiga pasi, nilikwenda ofisini kwenu. Nilimkuta bwana mkubwa wako, yule kijana mwembamba anayeuma kalamu. Alinyanyuka, akaniamkia vizuri, akaniita Mzee Kamba, akaniagizia chai. Nikamweleza yote, pweza na vyote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, una umri gani sasa?"

"Wa kutosha kusema uongo miaka saba."

"Nakuuliza kwa sababu wazee wetu wakishastaafu huanza kuota mambo."

"Ningekuwa naota, ningeota niko kijana."

Hakucheka. "Mashine imeshashushwa bandarini. Watu wa Paje wameshaambiwa. Ukame ule wa zamani tumeshaueleza, umepita. Na karatasi ipo, imetiwa saini na binti yako, na binti yako amesoma. Wewe, samahani lakini, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tatu, bwana, na lenyewe sikulimaliza."

"Basi, mzee wangu."

"Na akija mwenyewe akasema karatasi yake ifutwe?"

Hapo akaitoa kalamu mdomoni. Akatazama mlango, akapunguza sauti. "Mtu anayefuta karatasi yake siku ya safari, mimi nitamwambia nini mkubwa wangu? Kuwa huyu ndiye anayefaa kupelekwa Ulaya? Kuna wengine kumi wanaingojea nafasi hiyo. Mwache binti yako asafiri salama, Mzee Kamba. Kunywa chai."

Chai ilikuwa tamu. Sikuimaliza.

Kwa hiyo umeona ilivyo. Mimi nimesema, sikuaminiwa, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimesema kweli ofisini na ndiyo siku wamenikatalia. Aliyebaki wa kuaminiwa ni wewe. Na ukisema, huenda ukalala hapa kesho, na sanduku hili nikalifungua tena, na huo ujinga wote ukawa nimeusababisha mimi. Ukinyamaza, utaruka, na mashine itakwenda Paje na jina lako juu yake, na kaskazi itakapokuja wale wanawake watateremka pangoni na madebe yao, safari hii na wa vijiji vya jirani pamoja nao.

Nilitaka kunyamaza, usidhani sikutaka. Juzi nilipanga nikuache uende, kisha nikuandikie ukishafika, ukiwa mbali na huwezi kufanya kitu, tukasikitika wote kwa posta. Mpango mzuri, nilikaribia kuupenda. Kilichonizuia si uchamungu. Nilikuona unavipanga vile vitabu saba sandukuni, umevifunga kwa kanga mpya ya mama yako, umeviweka juu ya nguo zako ili visiumie. Nikaona utakwenda kuwafungulia maprofesa, utasema hivi ni vya baba yangu. Hilo sikuliweza. Kanga nimeifungua, vitabu nimevitoa, na juu ya kila kimoja nimeandika kwa wino mwekundu kuwa saa zilizomo ni za uongo, na nimetia jina langu kamili. Hati ni mbaya, na mahali pawili nimekata nikaandika upya. Ukitaka kuvichukua hivyo, chukua.

Sikuamrishi la kufanya. Nimewaamrisha watu kidogo sana maishani na kila mara nilikosea, na wewe hata ulipokuwa na miaka mitatu hukuamrishika. Mama yako hajui lolote, anashona kifungo cha koti lako na analia kidogo. Akijua atasema nimekuharibia, na atakuwa amesema kweli, lakini nimwambie mwenyewe, usimwambie wewe.

Ndege ni kesho saa tano. Ofisi inafunguliwa saa moja na nusu. Nitakuwa nimeshavaa, nimekaa barazani. Ukitoka ukapinda kulia kwenye gari la uwanja wa ndege, nitakubebea sanduku, nitakupungia mkono mpaka ndege iwe kama nzi, na neno hili hutalisikia tena kwangu. Nikitoka hapo nitapanda gari la shamba, nikawaambie watu wa Paje wenyewe waikatae mashine, tuone kama mwongo anaweza kusikilizwa na aliowadanganya. Nakupenda kwa njia hiyo sawasawa na kwa nyengine.

Ukipinda kushoto, kuelekea ofisini, nenda polepole, uniache nikupite. Usiingie mbele yangu. Wewe utawaeleza habari ya mchanga tu, ulivyosema mara ya kwanza. Hayo mengine nitayasema mimi, nimesimama, mlango wazi, na makarani wote wasikie. Uongo ule una mwenyewe, Rukia, na si wewe.

Baba yako,
Haji, Mzee Kamba